Sarafu, Kombe na Tiketi: Mashindano ya Konferensi ya Kikapu cha Wanawake Marekani, Hatua kwa Hatua

Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025, konferensi ya SEC huko Marekani ilimaliza msimu wake wa kawaida ikiwa na timu mbili kileleni ambazo hakuna kanuni iliyoweza kuzitenganisha. South Carolina ushindi 15, kipigo kimoja. Texas ushindi 15, kipigo kimoja. Mechi zao mbili walikuwa wamegawana: Januari South Carolina ilishinda nyumbani 67-50, Februari Texas ikalipiza kwake Austin 66-62. Kanuni inayofuata inasema tazama matokeo yao dhidi ya timu ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, mpaka mkiani. Nako hakukuwa na kitu, maana kila moja ilikuwa imezifunga timu zote nyingine. Basi kamishna wa konferensi, Greg Sankey, akarusha sarafu mbele ya kamera za televisheni. Ikaangukia upande wa South Carolina.

Mtu anayeanza kuufuatilia mchezo huu atauliza: wamerushiana sarafu kwa ajili ya kombe? Hapana. Walikuwa wanatafuta nani aandikwe namba 1 na nani namba 2 kwenye mashindano mengine yaliyoanza siku tatu baadaye mjini Greenville. Na hata kwenye hayo, yeyote kati yao angeweza kufungwa mechi ya kwanza na bado akaenda kwenye mashindano ya taifa bila wasiwasi wowote. Nani basi anayahitaji, na kwa nini watu hulia machozi ya kweli ndani yake? Kila Machi naulizwa maswali haya na watu wenye akili zao timamu, na jibu halitoshi kwa sentensi moja.

Konferensi ni nini hasa

Vyuo vya Marekani vinavyocheza Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ni zaidi ya 350. Ligi moja haiwezi kuvibeba. Kwa hiyo vimejiunga katika makundi, na kila kundi ndilo linaloitwa konferensi: muungano wenye kamishna wake, ofisi yake, kanuni zake, na haki za televisheni zinazouzwa kwa pamoja. Ivy League ina vyuo 8. SEC, yenye mizizi yake majimbo ya kusini, imekuwa na vyuo 16 tangu Texas na Oklahoma walipoingia mwaka 2024. Big Ten, ambayo jina lake linasema kumi, ina 18.

Kuanzia karibu na Mwaka Mpya hadi mwanzoni mwa Machi, timu za konferensi moja zinachezeana nyumbani na ugenini. Katika SEC kila timu hucheza mechi 16: wapinzani 15 kila mmoja mara moja, na mmoja kati yao mara mbili. Ndiyo maana South Carolina na Texas walikutana mara mbili. Anayemaliza juu ya msimamo ni bingwa wa msimu wa kawaida. Kisha wote wanafunga mizigo, wanakwenda kwenye ukumbi mmoja, wanacheza mtoano kwa siku chache, na anayebaki wa mwisho ni bingwa wa mashindano ya konferensi. Mabingwa wawili ndani ya nyumba moja, mwaka mmoja, ingawa mara nyingine ni timu ileile.

Shabiki aliyelelewa na soka la kwetu anakwama hapa. Tumezoea kwamba ligi ndiyo mama. Bingwa wa Ligi Kuu anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, na aliyebeba kombe la mtoano anakwenda lile la Shirikisho, la pili kwa hadhi. Kwenye kikapu cha vyuo pindua mpango huo juu chini. Tiketi ya moja kwa moja ya kwenda mashindano ya taifa inapewa mshindi wa mtoano. Aliyeongoza msimamo miezi miwili, akasafiri usiku, akashinda kwenye kumbi za wengine, anapata heshima, anapata namba 1, basi. Ivy League ndio waliokataa kwa muda mrefu kuliko wote. Waliendelea kumpa tiketi bingwa wa ligi mpaka mwaka 2017, walipoanzisha mtoano wao mdogo wa timu nne.

Mimi naona utaratibu huu ni mkali mno kwa konferensi ndogo, na nitaonyesha kwa nini. Lakini kwanza tuingie Greenville.

Siku tano, mechi 15

Timu 16 hazianzi pamoja. Jumatano wanacheza walioshika nafasi ya 9 hadi ya 16. Washindi wanne wanakutana Alhamisi na wale wa nafasi ya 5 hadi ya 8, ambao Jumatano walikuwa wamekaa hotelini. Ijumaa ndipo wanapotokea wakubwa, namba 1 hadi 4, ambao wameruka raundi mbili bila kutoka jasho. Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali.

Ukihesabu unaona bei ya msimamo. Mkubwa anahitaji ushindi mara tatu. Wa katikati mara nne. Wa chini anatakiwa ashinde mara tano kwa siku tano mfululizo, wasichana walewale, miguu ileile, dakika 40 kila siku. Kwa kawaida timu ya chuo inacheza mechi mbili kwa wiki. Kocha mwenye wachezaji saba wa kutegemea na kocha mwenye kumi na mmoja wanaweza kulingana mwezi mzima wa Februari, halafu Jumamosi ya Machi ukawatofautisha kwa macho tu: wa kwanza mitupo yake imeanza kupiga ukingo wa mbele wa ringi, kwa sababu mitupo mifupi ni dalili ya miguu iliyochoka.

Sarafu ilinunua nini basi, ikiwa namba 1 na namba 2 wote waliruka raundi mbili? Ilinunua njia. Namba 1 katika nusu fainali anasubiri kutoka upande wa namba 4 na 5. Namba 2 anasubiri namba 3. Mwaka huo namba 3 ilikuwa LSU, mabingwa wa taifa wa 2023. Texas ikapita, lakini kwa kutambaa, 56-49, mechi ambayo kila kikapu kilikuwa kama kung'oa jino. Upande wa pili South Carolina iliikuta Oklahoma na kuifunga 93-75. Siku iliyofuata kwenye fainali South Carolina ikashinda 64-45, na Chloe Kitts akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Siwezi kusema sarafu ndiyo iliyoshinda. Tofauti ya pointi 19 ni kubwa kuliko sarafu. Ila Texas walipanda kilima Jumamosi ambacho wenzao hawakukipanda.

Lilikuwa taji la tisa la South Carolina katika miaka 11 chini ya kocha Dawn Staley. Tennessee ya marehemu Pat Summitt na waliomfuata bado inaongoza kihistoria kwa mataji 17, tangu mashindano ya kwanza ya mwaka 1980.

Katika yote niliyoyaona kwenye mashindano haya, ya kufundishia zaidi ni ya mwaka 2022, Nashville. Kentucky ilikuja ikiwa namba 7, ikaanza Alhamisi. Ikaifunga Mississippi State, Ijumaa LSU, Jumamosi Tennessee. Jumapili ikakutana na South Carolina iliyokuwa namba 1 nchini. Zikiwa zimebaki sekunde 4.2, Dre'una Edwards akatupa mpira wa pointi tatu na ukaingia, Kentucky ikashinda 64-62. Taji lao la mwisho lilikuwa la 1982. Miaka 40.

Sasa fuatilia kilichotokea baada ya hapo. Kwenye mashindano ya taifa Kentucky, mabingwa hao, walipangwa namba 6 kwenye kundi lao na kutolewa mechi ya kwanza kabisa na Princeton, 69-62. South Carolina, waliofungwa Nashville, walibaki namba 1, wakaenda mpaka Minneapolis, wakaifunga UConn 64-49 na kubeba ubingwa wa taifa. Aliyebeba kombe akarudi nyumbani mapema, aliyelikosa akabeba lililo kubwa zaidi. Ukilielewa tukio hilo moja, umeelewa nusu ya mada hii.

Milango miwili

Nusu ya pili ni milango. Mashindano ya taifa ya wanawake yanachukua timu 68 tangu mwaka 2022. Mwaka 2025, timu 31 ziliingia kwa mlango wa kwanza, ule wa mabingwa wa konferensi, kila konferensi moja. Timu 37 ziliingia kwa mlango wa pili, ambao funguo zake ziko mikononi mwa kamati ya uteuzi. Kamati inakaa chini, inapitia msimu mzima: umeshinda wangapi, ugenini au nyumbani, dhidi ya nani, na hesabu ya kompyuta iitwayo NET inakuweka wapi. Jumapili moja katikati ya Machi inatangaza majina hewani, na timu zinakaa kwenye makochi mbele ya televisheni zikisubiri kuitwa.

Kwa hiyo Mississippi State, kwa mfano, mwaka 2025 ilimaliza SEC ikiwa na ushindi 7 na vipigo 9, na mlango wa pili ukafunguka. Kamati iliona vipigo hivyo vilitoka kwa wakubwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki timu hiyo ilikuwa na jambo la ziada: ndani yake alikuwemo Madina Okot, Mkenya wa mita 1.98 aliyetokea Chuo Kikuu cha Zetech, ambaye baada ya msimu huo alihamia South Carolina.

Geukia sasa upande wa konferensi ndogo. Presbyterian ni chuo kidogo mjini Clinton, ndani ya jimbo lilelile la South Carolina, kiko konferensi ya Big South. Hata timu ya huko ikiongoza msimamo kwa mbali, kamati mara nyingi haitamwita mtu wa pili kutoka konferensi hiyo; wapinzani wake wanahesabiwa dhaifu, na vigogo hawana haraka ya kumwalika kwao wala kwenda kwake. Mlango wa pili kwake ni ukuta uliochorwa mlango. Kilichobaki ni siku zile chache za Machi, na ukiteleza mara moja msimu umekwisha.

Mwaka 2024 Presbyterian ilishinda mashindano ya Big South, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo wanawake wake wakaenda mashindano ya taifa. Walianza na mechi ya utangulizi dhidi ya Sacred Heart, wakashinda 49-42. Zawadi ya ushindi huo? Siku mbili baadaye, kwenye ukumbi uleule wa Columbia, walikabidhiwa South Carolina, ambayo mwaka huo haikufungwa na mtu yeyote. 91-39.

Tazama timu hizo mbili za jimbo moja zilivyofika kwenye mechi hiyo, kwa sababu hapo ndipo mada nzima inaonekana kwa macho. Wiki mbili kabla, Greenville, South Carolina ilikuwa kwenye nusu fainali dhidi ya Tennessee. Walikuwa wameongoza kwa pointi 23, uongozi ukayeyuka wote, na zikiwa zimebaki sekunde 1.1 walikuwa nyuma 73-71. Mpira ukarushwa kutoka pembeni, ukamfikia Kamilla Cardoso, Mbrazili wa mita 2.01 ambaye kazi yake ni chini ya kikapu na ambaye katika miaka yake yote ya chuo hakuwahi kufunga hata mpira mmoja wa pointi tatu. Aligeuka, akaachia. Mpira uligonga ubao, ukaingia. 74-73. Kesho yake kwenye fainali waliifunga LSU 79-72, katika mechi iliyoharibika zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo, Cardoso alipomsukuma Flau'jae Johnson mpaka chini, wa benchi wakaingia uwanjani na wengi wakatolewa.

Ule mtupo wa Cardoso ungekosa, South Carolina wangepoteza nini? Rekodi ya kutofungwa na kombe moja. Safari ya taifa isingetikisika. Mchezaji wa Presbyterian akikosa mtupo kama huo kwenye nusu fainali ya Big South, amepoteza nafasi ambayo chuo chake kilikuwa hakijawahi kuipata. Kelele za ukumbi wa Greenville ni kubwa zaidi, kamera ni nyingi zaidi, lakini uzito wa mtupo uko kule ambako watazamaji wanahesabika. Na kuna kingine: Cardoso, kwa kutolewa fainali ile, alifungiwa mechi iliyofuata. Mechi hiyo ndiyo ile ya Presbyterian. Adhabu ya mashindano ya konferensi ikalipwa kwenye mashindano ya taifa.

Kati ya wakubwa na wadogo kuna kundi la tatu, wale walio ukingoni, ambao hawajui kama kamati itawaita. Hao ndio hukaa mbele ya televisheni wakiombea wengine. Mwaka 2024 Gonzaga ilimaliza konferensi ya WCC bila kufungwa, halafu kwenye fainali mjini Las Vegas ikapoteza kwa pointi moja, 67-66, mbele ya Portland. Portland ikachukua tiketi ya moja kwa moja. Gonzaga, kwa msimu wake mzuri, ikaitwa na kamati. Konferensi ambayo ingetoa timu moja ikatoa mbili, na kwa kuwa nafasi ni 68 tu, timu fulani mahali pengine kabisa, isiyohusika na mechi ile, ikafutwa kwenye orodha. Wamarekani husema nafasi yake imeibwa. Nionavyo mimi hakuna aliyeiba. Portland alishinda alichoambiwa ashinde.

Wakubwa nao wana kitu cha kupigania, ingawa si tiketi. Kwa wanawake, tofauti na wanaume, timu 16 za juu katika upangaji wa kamati huandaa raundi mbili za kwanza nyumbani kwao. Ukiwa wa 16 unacheza mbele ya watu wako, ukiwa wa 17 unapanda ndege kwenda kwa mwingine. Timu inayoelea kati ya 14 na 18 inaweza kuvutwa juu au kusukumwa chini na ushindi mmoja wa Ijumaa. Na wakubwa wakimaliza mapema, kama SEC ilivyomaliza tarehe 9 Machi 2025 wakati uteuzi ulikuwa tarehe 16, wanapata wiki nzima ya kuuguza vifundo vya miguu.

Mlango uliozibwa

Milango yenyewe haijatulia. Mwaka 2024, Las Vegas hiyohiyo, USC iliifunga Stanford 74-61 kwenye fainali ya Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi. Timu zote mbili zilikuwa zinaaga: msimu uliofuata USC alikuwa Big Ten, Stanford ACC, na vyuo 10 kati ya 12 vya Pac-12 vilikuwa vimetawanyika kufuata fedha za televisheni, hasa za mpira wa miguu wa Kimarekani wa wanaume. Wanawake wa kikapu hawakuulizwa, lakini wao ndio wanaosafiri sasa kutoka Los Angeles kwenda New Jersey kucheza mechi ya ligi Jumapili.

Konferensi ile ilipovunjika, tiketi yake ya moja kwa moja ilikufa. Mabingwa wakapungua kutoka 32 hadi 31, na nafasi za kamati zikaongezeka kutoka 36 hadi 37. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini nafasi ikihama kutoka mlango wa kwanza kwenda wa pili, inahamia kwa wenye nguvu: mwaka 2025 Big Ten iliingiza timu 12 na SEC 10, yaani 22 kati ya 68 kutoka nyumba mbili. Na konferensi zimevimba kiasi kwamba Big Ten na ACC, zenye timu 18 kila moja, zinaalika 15 tu kwenye mashindano yao wenyewe. Watatu wa mkiani msimu wao unaisha kwa simu, bila mechi ya mwisho ya kuagana. Hilo linaniuma. Mchezaji wa mwaka wa nne anastahili walau Jumatano moja.

Na fedha? Kwa wanaume, tangu mwaka 1991, kila mechi timu inayocheza kwenye mashindano ya taifa huiletea konferensi yake mgao. Kwa wanawake mgao ulikuwa sifuri mpaka Januari 2025, vyuo vilipopiga kura kuanzisha mfuko wao, dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza, utakaofika milioni 25 mwaka wa tatu. Uamuzi huo ulikuja baada ya fainali ya 2024 kati ya South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark kutazamwa na watu zaidi ya milioni 18, wengi kuliko fainali ya wanaume mwaka huo. Kwa konferensi ndogo hii inabadilisha maana ya kombe lao: chuo kama Presbyterian kikishinda Machi, kinarudi na kitu mkononi kwa ajili ya majirani wote.

South Carolina na Texas, zile timu za sarafu, kamati iliziweka zote kuwa namba 1 kwenye makundi tofauti, ili zisiweze kukutana kabla ya nusu fainali ya taifa. Zikakutana hukohuko, Tampa, tarehe 4 Aprili 2025, mara ya nne ndani ya miezi mitatu. South Carolina ikashinda 74-57. Siku mbili baadaye UConn ikawafunga 82-59 na kubeba kombe, UConn ambao konferensi yao ni Big East na ambao hawakuwa sehemu ya msimamo ule, wala ya sarafu ile.